Chipu nyuzi 63, kioo cheusi: kisa cha kadi ya grafiksi iliyobadilishiwa kipoozaji

## Usuli

Studio yenyewe iko Arusha mjini. Wanapiga na kuhariri video: harusi, sendofu, matangazo ya hoteli, na msimu wa wageni ukifika, filamu fupi za safari za Serengeti na Ngorongoro ambazo mgeni hukabidhiwa kabla hajapanda ndege. Majina nimeyaondoa, pamoja na lolote linaloweza kumtambulisha mtu.

Kompyuta yao kubwa ina kadi ya grafiksi, yaani ile inayotengeneza picha za kioo, aina ya GeForce GTX 1080 Ti, iliyonunuliwa mtumba. Ni kadi ya mwaka 2017, lakini gigabaiti zake 11 za memori bado zinabeba kazi za 4K bila manung'uniko. Ilikuja na kipoozaji chake cha asili, kile cha feni moja inayovuta hewa na kuipuliza nje kwa nyuma ya keisi. Aliyewahi kukaa chumba kimoja na kadi ya aina hiyo anajua kelele zake. Inakula hadi wati 250, na kazi ikiwa nzito chipu hupanda hadi nyuzi 84, kadi ikaanza kujipunguzia kasi huku feni ikivuma kama kikaushio cha saluni. Chumba hichohicho ndicho wanachorekodia sauti ya msimulizi, kwa hiyo kila kazi ya kurenda, yaani kuitoa video iliyokamilika, ilisimamisha kazi ya maikrofoni.

Mwenye studio akaagiza kutoka Dar es Salaam kipoozaji kikubwa cha kubadilisha: mabomba ya shaba, mapezi mengi ya alumini, feni mbili za sentimita 12, na kamfuko ka hitisinki ndogo za kubandika, yaani vipande vya chuma vya kutoa joto kwenye chipu. Kifurushi kikaja kwa basi. Kijana wa ofisini, mwenye mkono mzuri wa kazi, akakifunga mwenyewe usiku mmoja wa Julai.

Kabla ya kuendelea, kuna jambo la muundo ambalo bila kulijua kisa hiki hakieleweki. Kwenye kadi hii kipoozaji cha asili si kitu kimoja. Kuna sehemu inayokaa juu ya chipu kuu, halafu chini yake kuna bamba pana la chuma linalofunika bodi karibu yote. Bamba hilo, kupitia pedi laini, linagusa chipu 11 za memori na safu ya mosfeti, yaani vile vichipu vyeusi vinavyoushusha umeme wa volti 12 hadi karibu volti 1 na kuupeleka kwenye chipu kuu. Kwa wati nyingi kiasi hicho, volti ikiwa 1 tu, ampea zinazopita hapo ni zaidi ya 100, na mosfeti zinachemka kwelikweli. Ukiondoa bamba, umeondoa upoozaji wa vyote hivyo kwa mkupuo mmoja. Kipoozaji kipya kinagusa chipu kuu peke yake. Vingine vyote vinategemea zile hitisinki za kamfukoni.

## Mfululizo wa matukio

Usiku ule wa kwanza kompyuta iliwaka, feni zikazunguka, monita ikasema hakuna mawimbi. Hilo lilikuwa dogo. Kipoozaji kipya ni kizito, kadi ilikuwa imeinama na haijaingia vizuri kwenye nafasi yake. Ikasukumwa, klipu ikalia, picha ikaja.

Kijana akafanya jaribio. Akacheza gemu moja nzito kwa robo saa, programu ya kupima joto ikiwa wazi pembeni. Kutoka nyuzi 84 za zamani, chipu ikagota 61, na chumba kimya. Picha ya kioo ikarushwa kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, watu wakapongezana.

Siku iliyofuata mchana wakaweka kazi halisi: picha za wanyama zilizopigwa jioni, zenye chengachenga nyingi, ambazo lazima zisafishwe ndani ya programu ya kuhariri video ya DaVinci Resolve. Kusafisha chengachenga kunailemea kadi ya grafiksi kuliko karibu kitu kingine chochote kwenye programu hiyo. Baada ya dakika ishirini na kitu, kioo kikawa cheusi. Muziki uliokuwa ukipiga ukaendelea kupiga, taa za kibodi zikawaka, ila picha hakuna. Ikabidi kuzima kwa kubonyeza kitufe kwa nguvu. Wakarudia, ikawa vilevile. Gemu lenyewe usiku likaendelea vizuri tu.

Kwenye kumbukumbu za Windows kulikuwa na makosa ya draiva ya kadi, yaani programu inayoiunganisha kadi na Windows. Windows huipa kadi sekunde 2 kujibu, na isipojibu huhesabu kwamba imekwama na hujaribu kuiamsha. Makosa yale yalisema tu kwamba kadi haijibu. Sababu hayakuisema.

## Maamuzi ya studio, na kwa nini yalionekana ya busara

Walianza na draiva: wakaifuta kabisa, wakaweka mpya, kisha ya zamani. Ujumbe wa kosa ulitaja draiva, kwa hiyo sioni ubaya wa kuanzia hapo, na ni jambo la nusu saa.

Halafu wakaishuku pawa saplai. Yao ni ya wati 650 na NVIDIA wanapendekeza 600 kwa kadi hii, lakini pawa saplai iliyochoka haiangalii kilichoandikwa ubavuni. Wakaazima ya wati 750 kwa rafiki. Kioo kikafa vilevile. Huu ndio uamuzi wao niliofurahia zaidi, kwa sababu baadaye ulinifungia mlango mmoja mzima wa maswali.

Kisha wakarudi kwenye pesti ya joto, ile inayopakwa kati ya chipu na kipoozaji. Wakafungua, wakasafisha, wakapaka upya, wakafunga. Chipu ikashuka nyuzi 2. Wakafungua tena, wakabadilisha aina ya pesti. Mwisho wakafuta Windows yote na kuiweka upya, kazi iliyowala siku nzima ukijumlisha programu na fonti.

Hapo ndipo kadi, kompyuta na kijana walipofika kwangu.

“Fundi, hii kadi haina joto lakini inazima,” mwenye studio akaniambia. “Angalia mwenyewe, 63.”

“Hiyo 63 ni ya nini, kaka?”

“Ya kadi.”

Si ya kadi, ni ya chipu kuu. Kadi hii haina namna ya kuonyesha joto la mosfeti wala la memori, na programu yoyote utakayoweka haiwezi kukuletea namba ya kipimo ambacho hakipo. Kila walichofanya, ukiacha draiva, pawa saplai na Windows, kilikuwa kuihudumia namba moja ambayo tayari ilikuwa nzuri.

## Uchunguzi

Sikufungua kitu mwanzoni. Ukishafungua umebadilisha mambo kadhaa kwa pamoja, na kama tatizo likiisha hujui lipi limeliondoa.

Jaribio la kwanza lilikuwa kwa programu tu: nikashusha kikomo cha umeme wa kadi hadi asilimia 60, yaani wati 150, nikarudisha kazi ileile ya kusafisha chengachenga. Ilikwenda saa nzima bila kuzima. Kumbe tatizo linafuata wati. Kwa kuwa pawa saplai ilishabadilishwa bila mafanikio, shaka ikabaki ndani ya kadi yenyewe.

Jaribio la pili ndilo lililomaliza ubishi. Nikarudisha asilimia 100, nikafungua ubavu wa keisi, nikaweka feni ya mezani ikipuliza moja kwa moja kwenye ukingo wa kadi, upande zilipo mosfeti. Kazi ileile, wati zilezile, ikapita dakika arobaini na kuendelea. Chipu kuu ilisoma 61 badala ya 63. Tofauti ya nyuzi 2 kwenye chipu iliyo mbali na kikomo chake haiwezi kuwa ndiyo iliyookoa kadi. Kwa hiyo upepo ule ulipoza kitu kingine, kitu ambacho kioo hakikionyeshi.

Kupata namba ya hicho kitu kunahitaji kipima joto cha kuelekezea. Kijana alikuwa nacho kimoja, kile cha paji la uso kilichobaki enzi za korona, na kilionyesha hitilafu kila alipokielekeza kwenye bodi. Vile vimetengenezwa kwa joto la mwili, juu kidogo ya nyuzi 40 vinaishia. Niliazima cha fundi wa majokofu, kinachokwenda mamia ya nyuzi. Nacho kina hila yake: ukikielekeza kwenye chuma kinachong'aa kinakudanganya, kinasoma chini ya ukweli. Nikabandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme nyuma ya bodi, mgongoni mwa safu ya mosfeti, nikapima juu ya tepu.

Bila feni ya mezani, baada ya robo saa ya kazi: nyuzi 104 mgongoni mwa mosfeti, na zilikuwa bado zinapanda. Hiyo ni nyuma ya bodi, ndani ya mosfeti kwenyewe ni zaidi. Nyingi zimetengenezwa kuvumilia 125 au 150 ndani, lakini hapo ulinzi wa kadi unaanza kuwa macho, na kapasita za jirani zinazeeka haraka. Kwenye kioo, wakati huohuo: 63.

Ndipo nikafungua. Sikuhitaji bisibisi kuona la kwanza. Hitisinki moja ilikuwa imelala chini ya keisi, juu ya kava la pawa saplai, na nyingine imenasa kwenye nyaya za feni. Ile ya chini niliigeuza. Upande wa gundi ulikuwa na duara la mafuta yanayong'aa, alama ya kidole, na vumbi letu jekundu limejishika kuzunguka ukingo. Hayo mafuta ni ya pedi za asili, kwani pedi za joto zikikaa miaka kwenye moto huvuja mafuta ya silikoni juu ya chipu. Kijana alifuta kwa tishu kavu. Gundi ilishika mafuta, haikushika chipu.

Halafu kuna mwelekeo. Kwenye keisi ya kusimama kadi inalala kifudifudi, chipu zikitazama chini. Kila hitisinki ya kubandika inaning'inia, na kinachoibeba ni gundi peke yake. Joto linailegeza, uzito unamalizia.

La pili lilikuwa kwenye mosfeti. Memori zote 11 zilikuwa zimebandikwa hitisinki, maana ni vichipu bapa na vikubwa kiasi. Mosfeti ni ndogo, zimebanana na koili ndefu zaidi yake, na hitisinki za kamfukoni zilikuwa pana mno. Kijana alibandika chache pale zilipoenea, nyingine akazirudisha mfukoni. Mbili zilizodondoka zilikuwa miongoni mwa hizo chache.

La tatu ni feni. Plagi ya feni kwenye kadi ni ndogo kuliko ya feni za kawaida, haziingiliani. Kijana akazichomeka kwenye madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta. Hapo feni zikaanza kutii joto la prosesa. Gemu linachosha prosesa na kadi kwa pamoja, kwa hiyo usiku wa jaribio feni zilikimbia. Kusafisha chengachenga kunachosha kadi huku prosesa ikiwa imetulia, na feni zikazunguka taratibu mchana kutwa. Chipu kuu haikujali, ina mlima wa mapezi. Mosfeti zilizobaki uchi, ambazo tumaini lao lote lilikuwa upepo, ndizo zilizochemka.

## Tulichoamua

Kurudisha kipoozaji cha asili lilikuwa chaguo la kwanza na la bei ya bure. Mwenye studio akakataa, kelele zilikuwa sababu ya safari yote hii. Haki yake.

Kurudisha lile bamba la asili peke yake chini ya kipoozaji kipya ndilo ningelipenda. Kuna vipoozaji vya kubadilisha vinavyoliruhusu, hasa vya maji vinavyogusa chipu kwa kitako kidogo. Hiki kilikuwa na mabomba yanayopita chini sana, yangegonga bamba.

Gundi ya kudumu ya mchanganyiko wa mirija miwili niliikataa mimi. Inashika, ndiyo, lakini siku unataka kubandua hitisinki unaweza kuing'oa na chipu yake.

Tukaenda na kipande cha alumini. Mafundi wa madirisha ya alumini wanatupa vipande kila siku. Mmoja alitukatia ufito wa urefu wa safu ya mosfeti, tukaupiga msasa upande mmoja ukawa bapa. Bodi tayari ina matundu ya skrubu yaliyokuwa yakishika bamba la asili, na skrubu zenyewe zilikuwepo, maana kijana alikuwa amezitunza zote kwenye bahasha ya kaki, kila kundi na maandishi yake, na alipiga picha kila hatua. Bila bahasha ile tungetafuta skrubu za kipimo hicho mji mzima. Ufito ukakaa juu ya pedi ya milimita 1, skrubu na washa za plastiki, tukahakikisha kwa multimita kwamba hakuna pahali unapogusana na bodi. Alumini inapitisha umeme, hapo hakuna kubahatisha.

Memori tulisafisha kwa alkoholi ya isopropili, ile wanayotumia mafundi simu. Spiriti ya duka la dawa niliiacha kwa makusudi, maana baadhi zina maji mengi au mafuta ya ngozi ndani yake. Tukabandika upya, tukakandamiza kila moja kwa kidole kwa muda, kadi tukaiacha imelala chali usiku kucha kabla ya kuirudisha kwenye keisi.

Feni zikahamishiwa kwenye kadi kwa waya wa kugeuza plagi, na mwendo wa chini tukauweka asilimia 55, wasije wakategemea tena joto la chipu kuamsha upepo wa mosfeti. Bado ni kimya kuliko feni ya asili.

## Matokeo

Kazi ileile, kikomo asilimia 100, keisi imefungwa, mchana: mgongoni mwa mosfeti nyuzi 78. Chipu kuu 64. Namba ambayo ofisi nzima ilikuwa ikiifukuzia ilipanda kwa nyuzi 1, na kadi ikaacha kuzima.

Miezi kadhaa baadaye waliileta kusafishwa vumbi. Hitisinki moja ya memori ilikuwa imelegea upande mmoja. Tuliibandika upya na kuilaza keisi ubavu, kadi ikasimama wima badala ya kuning'inia. Mezani inachukua nafasi zaidi, lakini uzito wa kipoozaji nao hauvuti tena nafasi ya kadi kwenye madabodi. Ufito wa alumini haukusogea hata kidogo, na sikutarajia usogee, una skrubu.

## Uchambuzi

Kosa la ufungaji liko wazi na ni la kawaida. Kinachonivutia zaidi ni jinsi jaribio la kwanza lilivyowahakikishia watu kitu ambacho halikukipima. Lilifanywa usiku wa Julai, na Julai Arusha usiku unavaa sweta. Kazi ilifanywa mchana, madirisha yamefungwa ili bodaboda zisiingie kwenye maikrofoni. Chumba kikiwa na joto zaidi kwa nyuzi 10, kila kitu kwenye kadi kinaanzia nyuzi 10 juu. Jaribio lilikuwa robo saa, kifo kilikuja baada ya dakika ishirini. Jaribio lilichosha prosesa, kazi haikuichosha. Ukitaka kujua kama kompyuta ya kurenda imepona, renda.

Mwinuko nao una sehemu yake, ingawa mafundi wengi hapa hawautaji. Mji uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 13. Feni inasukuma ujazo uleule wa hewa lakini hewa yenyewe inabeba joto kidogo zaidi ya asilimia 85 ya ile ya pwani. Sehemu yenye hitisinki kubwa haitaona tofauti ya maana. Sehemu iliyobaki na upepo mtupu inaona. Rafiki yao wa Dar mwenye kipoozaji hichohicho alikuwa akiwaambia chake hakisumbui, na sina sababu ya kutomwamini, ila yeye pia hasafishi chengachenga za simba wa jioni.

Kuhusu mpangilio wa hatua, draiva na pawa saplai vilikuwa na mantiki. Kufuta Windows hakukuwa na mantiki, kwa sababu tatizo lilianza siku ya kubadilisha kipoozaji, si siku ya kubadilisha programu. Feni ya mezani ipo kila nyumba, haifuti faili la mtu, na ndani ya saa moja inajibu swali ambalo siku nzima ya Windows haikulijibu.

Kijana nisimlaumu kupita kiasi. Karatasi ya maelekezo iliyokuja na kipoozaji ilionyesha picha za chipu kuu kwa kina na hitisinki ndogo kwa mchoro mmoja, na picha zake na bahasha yake ndivyo vilivyofanya matengenezo yawezekane. Alichokosa ni kujiuliza lile bamba alilolitoa lilikuwa likifanya kazi gani.

## Kwa wenye kadi nyingine

Waliofunga vipoozaji vya maji kwa kishikio cha chuma kwenye kadi za umri huu wako kwenye hatari ileile, pengine zaidi, kwa sababu chipu kuu itasoma nyuzi 50 na kitu na hakuna atakayeshuku joto. Baadhi ya vishikio hivyo vina nafasi ya feni ndogo juu ya mosfeti. Ifungeni, si pambo.

Kadi mpya zaidi zinasaidia kidogo. RTX 3080 na 3090 zenye memori za GDDR6X zinaonyesha joto la memori kwenye programu kama HWiNFO, na namba ya kuiogopa hapo ni 110, ambapo kadi hujipunguzia kasi yenyewe. Kwa 3090 kuna la ziada: ina chipu 24 za memori, na 12 kati yake ziko mgongoni mwa bodi. Ukibadilisha kipoozaji cha mbele, pima na nyuma.